6BT ya Dongfeng kutoka hosipawa 160 kwenda 250, gari la mbao: tuanze na nozo, pampu au turbo?

#1 Nyundo_Mafinga
Kamwene wakuu. Injini ni 6BT ya lita 5.9, ya hosipawa 160, iko chini na imeshafunguliwa. Gari ni la ekseli tatu, linabeba mbao Mafinga–Mbeya na mara mojamoja Dar. Lengo ni 250 kwenye mizunguko 2500, ili lipande Kitonga na mbao bila kutambaa. Bamba la pampu linasomeka PES6A95D na kuendelea. Turbo ni Holset HX35, intakula (kipoza hewa ya turbo) ipo. Duka moja Mwanjelwa wanauza seti ya nozo "za kuongeza nguvu" na wanadai inatosha. Fundi mwingine anasema nozo ziachwe, pampu ndiyo ya kwanza. Vitu gani vya mfumo wa mafuta vibadilishwe, na kwa mpangilio upi?

#2 Uyole_Plunja
Hosipawa 90 hazipatikani kwa nozo peke yake. Anayepima mafuta ni pampu. Nozo inapokea ilichopewa na kukitawanya. Ukipanua matundu pampu ikabaki vilevile, presha ya kupulizia inashuka, matone yanakuwa makubwa, moshi unaongezeka, na nguvu inabaki karibu palepale.

Bamba lako linasema mengi. PES ni pampu ya mstari yenye kamshafti yake, 6 ni silinda, A ni daraja la pampu, 95 ni plunja (kipistoni kinachosukuma mafuta ndani ya pampu) ya milimita 9.5. Hiyo ndiyo plunja kubwa ya kawaida kwa daraja A. Ukikutana na PES6P120, hiyo ni daraja P, plunja milimita 12.

#3 Mnyalu_Kavu
Mkuu Nyundo, mbao za Mafinga hazipandi Kitonga, zinaishuka. Kinachopanda ni saruji na mabati unayorudi nayo kutoka Dar. Kwa mbao za kuja Mbeya mlima wako ni ule wa kutoka Chimala, Inyala mpaka Uyole. Halafu kumbuka mizani ya Wenda haiulizi una turbo gani.

#4 Nyundo_Mafinga
Mnyalu hapo umenishika. Mzigo wa kurudi basi. Swali libaki lilelile.

#5 Benchi_Namba9
Tuweke hesabu mezani, kila mtu aseme kwa namba.

Hosipawa 250 ni kilowati 186. 6BT nzima inakula kama gramu 220 kwa kila kilowati kwa saa, yaani kilo 41 kwa saa, au lita 49 hivi. Kwenye 2500 kila silinda inapuliziwa mara 1250 kwa dakika. Silinda sita, saa nzima: mapigo 450,000. Gawanya, kila pigo ni miligramu 91, sawa na milimita za ujazo 108. Kwenye benchi ya kupimia pampu utaisoma cc 108 kwa stroku 1000.

Kwa 160 kwenye mizunguko hiyohiyo unapata kama cc 70. Kwa hiyo unataka mafuta yaongezeke zaidi ya nusu. Plunja ya 9.5 ina eneo la milimita za mraba 71, kwa hiyo lazima isukume milimita 1.5 za stroku yenye kazi ili itoe 108, kabla hujahesabu kinachovuja pembeni. Plunja ya 12 inamaliza kazi hiyo kwa milimita 0.95. Mafuta ni yaleyale, ila ya A yanachelewa kwisha. Pistoni imeshaanza kushuka na bado unapulizia. Yanayoungua kwa kuchelewa hayasukumi, yanapasha moto manifoldi na turbo.

#6 Mbalizi_Dizeli
Namba nzuri #5. Niongeze kwamba kwenye vitabu vya Bosch daraja A limekadiriwa karibu kilowati 27 kwa silinda na presha isiyozidi baa 750 hivi. Mara sita ni 162, hosipawa kama 220. Huyu anataka 31 kwa silinda. P7100, pampu ya daraja P, inavuka baa 1000 bila jasho. Jibu ni kutafuta P, mengine tunazunguka.

#7 Uyole_Plunja
Mbalizi, hicho ni kipimo cha kudumu, si ukuta. A itatoa 108, tena na zaidi ya hapo kama elementi (plunja na silinda yake) ni mpya na reki (fito inayoongeza na kupunguza mafuta) ina nafasi. Itakachokudai ni kamshafti, rola za tapeti na stroku hiyo ndefu aliyoieleza #5. Kwa gari linalofanya kazi mchana na usiku simshauri. Ila kusema haiwezekani, hapana.

#8 Mnyalu_Kavu
Mafundi wa Mbeya mkipewa swali la nozo mnauza pampu. Akiuliza tairi mtamuuzia ekseli.

#9 Geji_Tatu
Wote mmeruka hewa, na huku tuko juu. Miligramu 91 za dizeli zinahitaji hewa mara 20 ili moshi usitawale: gramu 1.82 kwa silinda kwa kila mvuto. Silinda ya 6BT ni lita 0.98. Chukua ujazaji wa asilimia 90 na hewa ya nyuzi 50 baada ya intakula, unahitaji kilopaskali 191 ndani ya manifoldi, ukihesabu kutoka sifuri kabisa.

Dar hewa ya nje ni 101, kwa hiyo geji itasoma 90, yaani baa 0.9. Mbeya kwenye mita 1,700 hewa ya nje ni kama 82. Geji lazima isome 109, baa 1.1, ndipo upate hewa ileile. Mafinga iko juu zaidi, na deni linakua. Turbo Dar inazidisha hewa mara 1.9, Mbeya mara 2.3. HX35 inayaweza hayo yote, kilo 14 za hewa kwa dakika si mzigo kwake, ila vesigeti (mlango unaopunguza presha ya turbo) iliyofungwa ifunguke kwenye 0.9 itakunyima kilicho chako.

Na zile pampu zinazosetiwa Dar zikaletwa huku: diaframu ya kuongeza mafuta kwa presha ya turbo inasoma tofauti ya ndani na nje. Ikiona 0.9 inafungua reki yote, bila kujua kwamba huku 0.9 ni 172 tu, si 191. Hewa imepungua asilimia 10, mafuta hayakupungua. Moshi wa Uyole wengi wanausingizia nozo kumbe unatoka hapo.

#10 Mbalizi_Dizeli
Geji hapo umemaliza, ndaga fijo. Ila moshi wa Uyole una baba wengi.

#11 Nyundo_Mafinga
Shukrani dada Geji. Kwa hiyo nikipata P, nozo za sasa zibaki?

#12 Uyole_Plunja
Inategemea matundu. Hesabu eneo, usihesabu matundu peke yake. Tano ya 0.25 ni milimita za mraba 0.245. Tano ya 0.28 ni 0.308, robo zaidi. Tano ya 0.30 ni 0.353. Sita ya 0.25 ni 0.295. Kwa cc 108 na plunja ya 12, tano ya 0.28 inatosha. Ya 0.30 utaona moshi kwenye mizunguko ya chini, turbo haijaamka.

Namba iliyochongwa inakupa pembe. DLLA155P: 155 ni pembe ya mpulizo, P ni aina ya umbo. Pembe lazima ilingane na bakuli la pistoni. Ukiweka nyembamba kuliko bakuli, mafuta yanapiga chini ya bakuli. Ukiweka pana, yanapiga ukingo na ukuta wa silinda, yanaosha oili, ringi zinaisha. Hiyo seti ya "kuongeza nguvu" muulize muuzaji pembe. Akijibu "ni za Cummins", rudisha.

#13 Kijana_wa_Ilula
Presha ya kufungulia nozo iwe ngapi?

#14 Uyole_Plunja
Za VE (pampu ya duara, si ya mstari) nyingi ziko baa 245, za pampu P baa 260. Sita zote zisipishane zaidi ya baa 5 hivi. Ukitaka kupandisha unaweka shimu, 0.1 mm inapandisha kama baa 10, kutegemea springi. Ukipandisha unachelewesha mwanzo wa kupulizia kidogo, kwa hiyo usipandishe halafu ukashangaa taimingi.

#15 Benchi_Namba9
Na kabla hujafunga nozo mpya, hata zikiwa na boksi zuri namna gani, zipite kwenye pampu ya kupimia. Panda mpaka baa 20 chini ya presha ya kufunguka, shikilia sekunde 10. Ncha ikilowa na kudondosha, haifai. Halafu piga harakaharaka uangalie miale mitano iwe sawa na isikike ikikoroma. Bandia nyingi zinafeli kwenye kudondosha, siyo kwenye kupuliza, ndiyo maana dukani wanakuonyesha kupuliza tu.

Kosa jingine la kawaida ni washa ya shaba. Ya zamani inang'ang'ania chini ya tundu, fundi anaweka mpya juu yake. Ncha inapanda kwa unene wa washa nzima, mpulizo unapiga ukingo wa bakuli, na watu wanaanza kutafuta moshi kwenye turbo. Mulika tundu kwa tochi, sita zote. Nati ya kushikilia nozo ni Nm 60, isivutwe kwa hasira.

#16 Mbalizi_Dizeli
Kufunga P mahali pa A siyo kung'oa na kuweka. P ni nzito, inataka breketi ya nyuma. Watu wanaiacha ining'inie kwenye bolti za mbele na hausingi ya gia inapasuka. Gia yake ni tofauti. Inalainishwa na oili ya injini, kwa hiyo kuna paipu ya oili ya kuunganisha. Paipu za presha za A hazifungi kwenye P, nunua seti nzima, sita zenye urefu sawa. Paipu moja ikiwa ndefu, silinda hiyo inapata mafuta kwa kuchelewa.

Koni ya shafti na ya gia zifutwe mpaka zikauke, pasibaki oili hata alama ya kidole. P7100 haina kii ya kushika taimingi, inashikwa na ukavu wa koni na nati ya Nm 195. Koni ikiwa na oili, gia inateleza mlimani, taimingi inarudi nyuma, moto unapanda, na utaambiwa turbo imekufa.

#17 Tukuyu_Mvua
Mnaongea pampu na nozo, fidi pampu (inayovuta mafuta tenki na kulisha pampu kubwa) hamuitaji. 6BT ikikosa nguvu mlimani, mara nyingi mafuta hayafiki. Lita 49 zinaungua kwa saa, fidi lazima isukume mara mbili na nusu mpaka tatu, lita 120 hadi 150, kwa sababu yanayorudi tenki ndiyo yanayopoza pampu na kutoa hewa. Paipu ya kunyonya ya ndani milimita 8 ilitosha kwa 160. Kwa 250 weka 10 mpaka 12, toa kona za ghafla, na angalia chujio la ndani ya tenki, hasa tenki lililolala muda mrefu.

Funga geji ya presha kwenye banjo (bolti yenye tundu la mafuta) baada ya filta, siyo kabla. P ikiwa na mzigo inataka baa 1.7 hadi 2.4. A inaridhika na 1 hadi 1.5. Ikishuka ukiwa mlimani, bana kidogo mpira wa kurudi tenki gari likiwa silensa (linaunguruma bila kukanyagwa). Presha ikipanda vizuri, vavu ya ritani imechoka. Ikigoma kupanda, fidi pampu au upande wa kunyonya. Na weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye ritani. Ukiona mapovu, kuna hewa inaingia kabla ya fidi, na hapo hakuna mafuta yanayovuja nje ya kukuonyesha.

#18 Geji_Tatu
#17 sawa, lakini njaa ya mafuta haitoi moshi mweusi. Inatoa ulegevu, moshi msafi au kijivu. Moshi mweusi na kukosa nguvu pamoja ni hewa au taimingi. Tusichanganye.

#19 Tukuyu_Mvua
Ikiwa silinda mbili zina njaa na nne zinalazimishwa, utaona yote mawili kwa wakati mmoja.

#20 Geji_Tatu
Kwa pampu ya mstari yenye elementi sita kwenye galari moja (njia ya mafuta inayozilisha zote)? Galari ikishuka presha inashuka kwa wote.

#21 Benchi_Namba9
Haishuki sawasawa. Elementi ya mwisho kwenye galari, mbali na paipu ya kuingilia, hujaza kwa tabu kwanza. Kwenye benchi ukipunguza presha ya kulishia utaona chupa hazishuki kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo Tukuyu ana hoja, ingawa hiyo siyo sababu ya kwanza kuiangalia.

#22 Kijana_wa_Ilula
Na mafuta yenyewe? Kuna dizeli ukishika mkononi ni nyepesi kama maji.

#23 Mbalizi_Dizeli
Dizeli nzuri kwenye nyuzi 15 ina uzito kati ya kilo 0.82 na 0.87 kwa lita. Mafuta ya taa yako karibu na 0.80. Pampu inapima ujazo, haipimi uzito, kwa hiyo kila pigo linabeba mafuta pungufu, na yale mepesi yanavuja zaidi pembeni ya plunja. Haidromita ni kitu cha bei ndogo. Ukipima mafuta yenye joto kumbuka kusahihisha, uzito unashuka yakipata moto.

EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walipoanza kuweka kinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 uchanganyaji ulibanwa, ila ndoo za pembeni mwa barabara hazina kinasaba.

#24 Mnyalu_Kavu
Na bomba la TAZAMA, la Dar kwenda Zambia, linatupita hapa limejaa dizeli tangu 2023, sisi tunapima ya kwenye madumu.

#25 Uyole_Plunja
Turudi. Taimingi. Anayehama A kwenda P asichukue digrii za mtaani. Kila 6BT ina namba ya CPL (orodha ya vifaa vya injini hiyo) kwenye bamba, na digrii zinafuata hiyo. Ukiisogeza mbele, moto wa ekzosti unashuka na injini inachangamka, lakini presha ya silinda inapanda. Gasketi ya hedi ndiyo inayolipa. Ukiirudisha nyuma asubuhi ya Juni utaona moshi mweupe mpaka jua litoke. Digrii moja au mbili mbele ya kiwanda inatosha kwa kazi hii.

Na geji ya joto la ekzosti ifungwe kabla ya turbo. Nyuzi 680 mfululizo ndiyo mwisho wangu kwa pistoni za alumini. Ikipita, dereva ashushe gia, asikanyage zaidi. Kitonga ni chini na joto, hewa inaingia intakula ikiwa na moto. Usiseti reki kwa baridi ya Mafinga ukadhani umemaliza.

#26 Geji_Tatu
Kwangu mpangilio ni hewa na geji kwanza, fidi, ndipo pampu, nozo mwisho.

#27 Mbalizi_Dizeli
Pampu na nozo pamoja, ni kitu kimoja. Kufungua mara mbili ni gharama mbili.

#28 Benchi_Namba9
Mmesahau delivari vavu. Ile kola yake inafyonza kiasi fulani kutoka kwenye paipu ili nozo ifunge kwa ghafla. Ukibadilisha nozo na paipu ukaacha kola ndogo, mawimbi yanarudi, nozo inafunguka mara ya pili na kudondosha. Moshi wa silensa, ncha zinaziba kaboni. Ukiweka inayofyonza kupita kiasi, paipu inabaki na mapovu na bomba linaliwa kutoka ndani. Kwa hiyo anayekuuzia P aje na delivari vavu zake, na pampu ipande benchi ikiwa na nozo na paipu utakazotumia, siyo za benchi.

#29 Uyole_Plunja
Hapo #28 sikubaliani na mwisho. Benchi ina nozo na paipu zake za kipimo ili namba zilinganishwe na kitabu. Ukipima kwa nozo za gari, hiyo cc 108 yako si ya mtu mwingine yeyote.

#30 Benchi_Namba9
Pima mara mbili basi. Ya kitabu kwa kusawazisha elementi, tofauti isizidi cc 3 kati ya sita. Ya pili kwa vifaa vya gari ili ujue injini itapata nini.

#31 Nyundo_Mafinga
Nimewaelewa, asanteni. P imepatikana Soweto ya Mbeya, bamba PES6P120, ina breketi, haina paipu. Bado sijalipa.

#32 Uyole_Plunja
Kabla ya kununua paipu tuma CPL na namba za nozo zilizomo sasa. Zote sita, si moja.

#33 Nyundo_Mafinga
CPL imefutika kwa brashi ya waya. Nozo nimezisafisha: nne zimeandikwa DLLA155P, mbili DLLA150P. Hizo mbili zilikuwa silinda ya kwanza na ya sita.

#34 Geji_Tatu
Ilikuwa inatoa moshi kabla ya kufunguliwa?

#35 Nyundo_Mafinga
Mweusi, kuanzia 1800 ikiwa na mzigo.

#36 Tukuyu_Mvua
Ya sita ndiyo ya mwisho kwenye galari kama mafuta yanaingilia mbele. Angalia yanaingilia wapi kwenye hiyo A.

#37 Mbalizi_Dizeli
Tukuyu, na ya kwanza? Piga picha vichwa vya pistoni moja na sita kabla hujavisugua, weka pembeni ya namba tatu. Tuone mpulizo ulikuwa unapiga wapi.